Namba Iliyonyooshwa

Shemeji yangu hawezi kupita mbele ya picha iliyokaa upande bila kuinyoosha. Haijalishi ni nyumbani kwa nani. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha, wazazi wangu wamekaa wanasubiri aseme neno, yeye aliinuka akaenda kuweka sawa kalenda ukutani, kisha akarudi akakaa. Mama alicheka. Baba hakucheka, alisema mtu huyu ama atamtunza sana binti yangu ama atatusumbua sana sisi. Yote mawili yametimia.

Ameoa dada yangu, na bahati ikatuweka jengo moja la kazi. Mimi ni karani wa mahakama ya rufaa, ghorofa ya juu: ninaita mashauri na kuandika yanayosemwa. Yeye alikuwa mkutubi, chini kabisa, nyuma ya ngazi, katika chumba chenye rafu za chuma, feni inayokwaruza na harufu ya gundi kuukuu. Huko chini alikuwa mfalme. Majaji wenyewe walishuka ngazi kumfuata, na sisi makarani tulipotaka kumkera tulimwita Mheshimiwa wa Vumbi.

Nieleze kidogo kazi yake, maana bila hilo aibu yake haitaeleweka. Wakili akisimama mbele ya majaji akasema sheria iko hivi, anaulizwa: nani alisema? Akitaja hukumu ya zamani, anaulizwa: kitabu gani, ukurasa wa ngapi? Siku hizi hukumu nyingi ziko mtandaoni, bure kabisa, lakini zimechapwa upya. Maneno yapo, kurasa hazipo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia iko hapa hapa mjini. Wanachotaka mawakili ni picha ya ukurasa wenyewe, na namba yake pale juu kwenye kona, ili yeye mwenye kompyuta na jaji mwenye kitabu waweke kidole mahali pamoja.

Picha hizo alizitengeneza shemeji. Hakuna aliyemtuma. Aliona juzuu za zamani zinaliwa na wadudu, na mawakili wa miji ya mbali hawana njia ya kuzifikia, akaanza kuziskani moja moja: anafungua kitabu taratibu, anakilaza kwenye kioo, anafunika, anangoja mwanga upite, anafungua ukurasa mwingine. Miaka na miaka. Mtu akiomba hukumu kwa barua pepe, alijibiwa siku hiyo hiyo, na chini ya kila jibu shemeji aliandika maneno yale yale: "Nakala kama ilivyo." Basi jina likamganda. Mawakili ambao hawajapata kumwona uso waliulizana, "Umepata ile ya Kama-Ilivyo?" Kama jibu ni ndiyo, hakuna aliyeuliza zaidi.

Na yeye alijua. Unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake. Ukimpelekea nakala iliyotoka kwingine, aliishika kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu. "Hii wameruka ukurasa mtupu," angesema.

"Sasa mtupu una faida gani, shemeji?"

"Ukurasa mtupu nao ni ukurasa. Ukiuruka, kila kinachofuata ni uongo."

Alisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti, zaidi ya mara moja. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, lakini wakati inavuma nani ana ubavu wa kusema?

Ana mtoto mmoja, binti. Tangu mdogo alikuwa mbishi wa kubisha hata saa ya ukutani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipokuwa wakili. Baba yake alimwita "mama", kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, na alipovaa joho mara ya kwanza shemeji alizunguka nyuma yake akalinyoosha mabega mpaka dada akamwambia mwache mtoto apumue.

Rufaa yake ya kwanza ilikuwa ya seremala. Karakana ya mzee huyo iko nyuma ya nyumba za watu, na mbao zake zilipita kwenye uchochoro kando ya ukuta wa jirani tangu enzi za marehemu baba yake. Jirani mpya alinunua nyumba, akapima, akasema uchochoro ni wake, akaweka geti na kufuli. Siku geti lilipowekwa seremala alikuwa amekwisha kuunda kabati kubwa la nguo, la milango mitatu, kwa ajili ya mteja. Kabati likabaki ndani. Haliwezi kupita mlango wa mbele wala kupandishwa juu ya ukuta. Mzee alishindwa mahakama ya chini, na mpwa wangu akaichukua rufaa yake.

Tegemeo lake lilikuwa hukumu moja ya zamani, ya mwisho na ndefu kuliko zote katika juzuu yake, ambamo majaji wawili kati ya watatu walisema njia ya namna hiyo haifungwi. Alishuka maktabani kuitafuta. Nilikuwepo, nimekwenda kurudisha majalada.

"Baba, nataka kile kitabu chenyewe. Nikione tu."

"Kitabu cha nini, mama? Mgongo umekatika, ukikifungua kinameguka. Nakala ninayo, nakutumia sasa hivi."

"Nione kwa macho yangu mara moja tu."

"Kwa hiyo macho ya baba yako hayakutoshi?"

Akacheka. "Yananitosha." Akamwacha anabonyeza kompyuta, akapanda nami ngazi huku akinitania kuhusu kitambi.

Siku ya rufaa shemeji alifunga maktaba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Alikuja na koti analovaa kwenye harusi za watu, akakaa benchi la mwisho. Majaji watatu waliingia, katikati yao mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ambaye akimkodolea wakili macho, wakili husahau hata jina la mteja wake. Mpwa wangu hakusahau kitu. Alisema vizuri, bila haraka, nami niliandika huku nikijizuia kutabasamu, kwa sababu karani wa mahakama hana mpwa.

Kisha akafika kwenye hukumu yake. "Waheshimiwa, naomba tufungue ukurasa wa mia mbili sitini na nane, aya ya kwanza. Hapo mahakama inasema: njia iliyotumiwa na watu kwa uwazi na kwa miaka mingi haifungwi kwa sababu tu mwenye ardhi amebadilika."

Majaji wakafungua vitabu vyao. Nilisikia kurasa zikipinduliwa, kisha sikusikia kitu. Mama jaji akavaa miwani, akasoma, akamwonyesha mwenzake wa kulia.

"Wakili," akasema, "mimi hapa kwenye mia mbili sitini na nane ninasoma hivi: kwa heshima kwa wenzangu, sioni kwa nini mwenye ardhi asiifunge njia hiyo. Huyu ni jaji wa tatu, aliyepingana na wenzake. Wewe unatusomea kitabu gani?"

"Kitabu hicho hicho, mheshimiwa."

"Lete nakala yako."

Mimi ndiye niliyeipeleka mezani. Jaji aliiweka kando ya kitabu, akapeleka kidole huku na huku. Maneno aliyoyasoma mpwa wangu yalikuwepo kitabuni, neno kwa neno, ila yalikuwa ukurasa wa nyuma yake, mia mbili sitini na saba. Akainua ile karatasi kwenye mwanga. Herufi zote zilikuwa zimefifia kama zinavyofifia za vitabu vya zamani. Namba ya kwenye kona peke yake ilikuwa nyeusi, mpya.

"Nakala hii imetiwa mkono," akasema. "Namba imefutwa ikaandikwa nyingine. Wakili, nani amefanya hivi?"

Mpwa wangu aliitazama ile karatasi kwa mbali. Niliona anaelewa. Hakugeuka nyuma, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba hakugeuka, kwa sababu mimi niliyegeuka nilimwona shemeji anatazama viatu vyake. Uso ulikuwa umemshuka. Alikwisha kujua tangu jaji alipotamka neno la kwanza, na alikaa kimya.

"Naomba nipewe hadi kesho asubuhi, mheshimiwa," akasema binti yake.

"Kesho asubuhi, basi. Lakini uelewe. Kuleta mbele yetu karatasi iliyobadilishwa si jambo dogo. Kuna kamati ya nidhamu, na wewe bado mgeni katika kazi hii."

Mawakili waliokuwa wakingoja zamu zao walianza kunong'onezana. Seremala, ambaye hakuelewa ila sauti, alimshika mpwa wangu mkono wa joho. "Mama wakili, tumeshindwa?"

"Bado, fundi," akamjibu. "Bado."

Nilimfuata shemeji chini. Nilimkuta amekitoa kile kitabu kwenye rafu, kitabu ambacho binti yake alikatazwa kukigusa, amekifungua juu ya meza na mgongo umeachia. Hakunisalimu. Aliweka kidole kwenye kona ya ukurasa: mia mbili na arobaini. Akafungua unaofuata: mia mbili na arobaini tena.

"Mpiga chapa alirudia namba," akasema. "Kuanzia hapo mpaka mwisho wa kitabu kila ukurasa uko nyuma kwa namba moja."

"Na wewe ukafanya nini?"

Akaeleza, mgongo akiwa amenipa. Zamani, alipokuwa anaanza kuskani, aliiona namba ile imerudiwa na ikamuuma macho. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alibaki kwenye kompyuta anafuta namba ya kila ukurasa na kuandika iliyo sahihi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa kitabu. Aliona anawasaidia watu. Baadaye kabisa akasahau.

Mimi si mtu wa hasira za haraka, lakini siku hiyo zilinipanda. "Shemeji! Wewe unayetusimanga kwa ukurasa mtupu! Ulikuwa unamsaidia nani?"

"Namba ilikuwa na makosa."

"Makosa ya kitabu ni ya kitabu! Kila jaji aliyewahi kuitaja hukumu hii ameitaja kwa namba hizo hizo zenye makosa. Kosa likishachapwa na kunukuliwa, ndiyo anwani yake hiyo. Wewe umehamisha nyumba za watu bila kuwaambia."

Alijaribu kukifunga kitabu na hakikufungika, kwa sababu kurasa zilikuwa zimechomoka.

Jioni jua likiwa bado halijazama nilikwenda kwao. Dada alikuwa amekwisha kusikia. Jengo letu lina ngazi nyingi lakini maneno hayapandi ngazi, yanaruka. Mpwa wangu aliingia akiwa bado na mkoba begani, akaiweka ile karatasi mezani mbele ya baba yake, akasimama.

"Baba, hii namba ni ya nani?"

Na hapa ndipo nilipomwonea haya mtu niliyemheshimu tangu ujana wangu. Aliichukua karatasi, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mashine zile nazo," akasema. "Unajua zimechoka. Wakati mwingine zinasoma vibaya..."

Nilimtazama. Alijua kwamba ninajua, na bado alisema.

Dada alikuwa anapanga vikombe. "Mashine gani hiyo," akauliza bila kugeuka, "inayokosea kwa mwandiko mzuri hivyo?"

Mpwa wangu hakumsaidia. Alimngoja tu, kama wanavyofundishwa kumngoja shahidi.

"Ni mimi," shemeji akasema mwishowe. "Niliinyoosha."

"Nilikuomba kitabu, baba."

"Uliniomba."

"Ukaniuliza macho yako hayanitoshi?"

Mwanaume mzima, masikio yamemwiva, anasugua meza kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Dada akaacha vikombe. "Kesho utakwenda useme. Umelikoroga, ulinywe. Mtoto huyu haendi kamati yoyote kwa ajili ya mkono wako."

"Nitakwenda. Lakini fikirini nyie mnaojua sheria. Wakigundua kwamba mkutubi ni baba yake, watasema baba na binti walikaa wakapanga. Si itakuwa mbaya zaidi kwake?"

"Waseme," mpwa wangu akasema.

"Mama, usiwe mbishi. Mimi nataka tu..."

"Baba, uje usije, kesho mimi nitasimama." Akachukua mkoba akaenda zake. Hakuupiga mlango; aliufunga polepole, jambo ambalo lilitutisha wote, kwa sababu huyo tangu mdogo milango ya nyumba ile ilikuwa inajua hasira zake.

Asubuhi ukumbi ulijaa kupita kawaida. Fununu inavuta watu kuliko harusi. Mawakili wasiokuwa na shauri lolote walikuja na majalada mikononi kujifanya wana kazi. Shemeji alikuwa benchi lile lile la mwisho, na koti lile lile, na hapakuwa na aliyekaa karibu naye.

"Wakili," mama jaji akasema, "tunasikiliza."

Mpwa wangu akasimama. "Waheshimiwa, nakala ile sikuibadilisha mimi, wala sikujua kwamba imebadilishwa. Nilipewa na mtu ninayemwamini. Lakini kitabu kilikuwa katika jengo hili hili, na nilikuja mbele yenu bila kukifungua. Kosa hilo ni langu, na ninaomba radhi kwa hilo."

"Mtu huyo ni nani?"

Alinyamaza. Nilijua kwa nini: alikuwa anampa nafasi. Nilitazama kwenye karatasi yangu na moyoni niliomba, inuka shemeji, inuka bwana, usimwache mtoto aseme. Mahali fulani nyuma benchi likalia.

"Ni mimi, waheshimiwa."

"Sogea mbele. Sema kwa sauti, karani anaandika."

Akaja. Nimemwona akitembea katika jengo lile maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumwona anatembea hivyo, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa na anaogopa kuichafua. Akasema yeye ni mkutubi wa mahakama. Akaeleza namba iliyorudiwa, akaeleza alivyoifuta, na kila sentensi jaji alimwambia arudie, kwa sababu ilimfia mdomoni.

"Lakini kwa nini?" jaji akauliza, na hakuuliza kwa ukali.

"Mheshimiwa, niliona... kitabu kizuri vile, na kosa la kitoto vile. Nilikionea aibu kitabu."

Watu wakacheka. Jaji akawatazama wakaacha.

"Vitabu vingapi vingine umevionea aibu?"

"Hicho tu, mheshimiwa. Naapa."

"Na sisi tutajuaje?"

Hilo ndilo lililommaliza. Maelfu ya kurasa, vipindi vyote vile vya mchana bila chakula, vumbi lote lile alilovuta kifuani, na hakuwa na hata jibu moja la kumpa, kwa sababu jibu lake siku zote lilikuwa jina lake, na jina ndilo lililokuwa limekufa pale mbele ya watu. Mawakili waliomsifu walikuwa wanatazama dari. Mimi nilikuwa ninaandika, na nilitamani kalamu iishe wino.

"Swali la mwisho," akasema jaji. "Una uhusiano wowote na wakili huyu?"

Shemeji alimtazama binti yake. Mpwa wangu alikuwa ameinamia meza yake, tulimwona mgongo tu, na joho lilikuwa limemkaa upande begani.

"Hapana, mheshimiwa," akasema shemeji. "Simjui. Namhudumia tu maktabani, kama wengine."

Safari hii hakuambiwa arudie. Alilisema kwa sauti safi, iliyofika mpaka mlangoni. Kalamu yangu ilisimama. Nusu ya makarani waliokuwa mle ndani walikula pilau la siku binti yule alipohitimu, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Mpwa wangu akainuka polepole. "Waheshimiwa, naomba kumbukumbu zisahihishwe. Huyu ni baba yangu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilipokea nakala bila kuikagua kwa sababu imetoka mkononi mwake, wala si kwa sababu nyingine."

Mama jaji akavua miwani, akaiacha ining'inie. Alimtazama mzee, kisha binti, kisha mzee. "Ni kweli anayosema?"

"Kweli, mheshimiwa," akasema shemeji, na hiyo ndiyo sentensi niliyoiandika bila kuisikia, kwa kutazama midomo yake.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda mahakamani. Mpwa wangu alionywa: siku nyingine afungue kitabu. Hakupelekwa kamati yoyote. Akaruhusiwa kuendelea na rufaa yake, safari hii kwenye mia mbili sitini na saba, na maneno yalikuwa yale yale na nguvu yao ile ile. Hukumu ilipotoka seremala alikuwa ameshinda. Wanasema siku geti lilipong'olewa alilitoa lile kabati yeye na majirani kwa nderemo kama bibi harusi, ingawa mteja alikwisha kununua jingine.

Shemeji aliondolewa maktabani. Sasa yuko chumba cha kuhifadhia karatasi na wino, anatoa na kupokea. Nakala zake zote zimeondolewa kwenye kompyuta za maktaba mpaka zilinganishwe na vitabu, ukurasa kwa ukurasa. Aliomba alinganishe yeye mwenyewe, wakamkatalia, na walikuwa na haki. Wanaofanya kazi hiyo wanasema mpaka sasa hawajaona kosa jingine. Nilipompelekea habari hiyo nikidhani itamfariji, aliniuliza kama wino wa mashine umefika. Na jina lile la Kama-Ilivyo bado wanamwita, ila sasa wanalitamka taratibu, wakitazamana.

Jumapili moja nilikwenda kwao mchana. Mpwa wangu alikuwepo, sauti yake inasikika jikoni anabishana na mama yake kuhusu chumvi. Shemeji alikuwa barazani peke yake, kiti kimeelekea ukutani. Nikakaa naye. Nikajaribu utani, ukaanguka. Ndipo akasema, bila mimi kumuuliza:

"Lile la namba watu watasahau, shemeji. Kila siku watu wanakosea namba."

"Watasahau," nikasema.

"Nilitaka kumlinda."

"Tunajua. Hata yeye anajua."

"Hata kile kitabu nilitaka kukilinda." Akanigeukia. "Nilimkana mtoto wangu mbele ya watu, shemeji. Kwa sauti kubwa. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyeandika. Nilimkana, na yeye akanikiri."

Ningeweza kusema kitu. Kazi yangu ni maneno ya watu wengine, na siku hiyo sikuwa na langu. Dada akatuita mezani. Nilipochungulia dirishani mpwa wangu alikuwa amekwisha kukaa, amemwekea baba yake kiti kando yake, na mkono wake uko juu ya mgongo wa kile kiti. Shemeji naye aliona. Akasema sisi tuanze, yeye anakuja.